Barua za wasomaji: Apigaye vyombo vingi ana mkono wake?

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23, napiga kinanda kanisani kwetu hapa Morogoro. Wenzangu wakikosekana nashika gitaa la besi au nakaa kwenye dramu. Majuzi baada ya mazoezi kiongozi wetu wa bendi aliniambia, mbele ya watu, kwamba anayepiga kila kitu hana mkono wake, ni wa kuzibia mapengo. Nikamtajia Stevie Wonder, yule mwanamuziki wa Marekani. Akasema Stevie ni mwimbaji na mtunzi, watu wanajua sauti yake tu. Ukimwondolea kipaza sauti, upigaji wake ni kama wa mtu mwingine yeyote, hakuna atakayemtambua. Nilikosa la kujibu. Je, ni kweli? Na mimi niache vyombo viwili nibaki na kimoja? – Kijana wa vyombo vitatu, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Siku nyingine mkibishana hivyo, washeni spika kwanza. Jambo hili halimalizwi kwa maneno matupu, na Stevie Wonder ameacha nyimbo za kutosha za kulimaliza.

Anza na hamonika, kile kinanda cha mdomo. Mwaka 1983 Elton John alitoa "I Guess That's Why They Call It the Blues". Mwaka uliofuata Chaka Khan akatoa "I Feel for You". Mwaka 1985 Eurythmics, wale Waingereza wawili, wakatoa "There Must Be an Angel". Hao ni watu wasiofanana hata kidogo: mpiga piano wa Uingereza, mwanamke wa Chicago mwenye sauti ya moto, na wawili waliojengea nyimbo zao juu ya vinanda vya umeme. Katika nyimbo zote tatu hamonika inaingia, na anayeujua muziki huo hahitaji kugeuza jalada kutafuta jina la mpigaji. Mwenye wimbo ni mwingine, mwenye hamonika ni Stevie, na kila mtu anajua. Kama huo si mkono wa mtu, basi sijui mkono ni nini.

Tuingie ndani kidogo, maana wewe ni mpigaji na utapenda kujua unatambulika kwa nini. Hamonika yake ni ile ya kromatiki, yenye kitufe pembeni. Ukikibonyeza, kila tundu linapanda nusu sauti, kwa hiyo mpigaji anapata noti zote kama zilivyo kwenye piano, vibao vyeupe na vyeusi. Lakini ndani yake kuna vifuniko vyembamba vya kuzuia hewa isipotee bure, na hivyo hivyo ndivyo vinavyofanya iwe kazi ngumu kuipinda noti kwa pumzi. Wapigaji wa blues wanaipinda kwa urahisi kwenye hamonika ndogo isiyo na kitufe. Kwenye ya kromatiki wengi wanaiacha noti inyooke. Stevie anaipinda. Anaiingia noti kutoka chini yake, anaikokota mpaka mahali pake, anaitetemesha, kisha anaimaliza kwa mkunjo wa noti tatu nne zinazoshuka haraka. Baada ya hapo weka wimbo wake wowote wa miaka ya 1970 usikilize anavyomaliza mistari anapoimba. Mkunjo ni ule ule. Katika "Isn't She Lovely" ya mwaka 1976 hamonika inashika nafasi ya mwimbaji kwa kitambo kirefu, na wimbo haupungukiwi na kitu.

Najua kiongozi wenu atasema: haya, hamonika inapigwa kwa mdomo, sauti nayo inatoka mdomoni, kwa hiyo umenithibitishia kwamba ni sauti tu. Sawa. Twende mbali na mdomo.

Tafuta "Superstition", iliyo kwenye albamu ya *Talking Book* ya mwaka 1972. Lile gitaa unalolisikia likitafuna wimbo mzima si gitaa. Ni Clavinet, kinanda cha kampuni ya Hohner ya Ujerumani, hao hao wanaotengeneza hamonika. Chini ya kila kibao kuna uzi wa chuma. Ukibonyeza, kipande cha mpira kinaugandamiza uzi juu ya chuma na unalia. Ukiinua kidole, nyuzi za sufu zilizofungwa pembeni zinaunyamazisha pale pale. Hakuna pedali ya kurefusha sauti kama ya piano. Kwa hiyo kwenye chombo hiki kuinua kidole ni sehemu ya muziki sawa na kukishusha, na mpigaji mvivu anajulikana mara moja.

Wimbo uko kwenye Mi-bemoli ndogo, kwa hiyo vidole vinaishi kwenye vibao vyeusi. Nakuomba ukae kwenye kinanda chako uujaribu. Zile noti kubwa zinazosikika utazipata jioni moja. Halafu sikiliza tena, polepole, na utasikia katikati yake noti ndogo ndogo zilizozibwa, karibu hazina sauti, zinagonga kama vidole vya mtu kwenye meza. Hizo ndizo wimbo. Stevie amerekodi Clavinet zaidi ya moja na kuzilaza juu ya nyingine, kila moja ikijaza mahali ambapo mwenzake amenyamaza, na kinachotoka ni ngoma zaidi kuliko kinanda. Mtu aliyesomea piano peke yake asingewaza kupiga hivyo. Aliyewaza ni mtu anayepiga dramu.

Na dramu za wimbo huo ni zake. Ndizo zinazoanza, peke yake, kabla Clavinet haijaingia. Usisikilize besi dramu wala sneya, hizo zimekaa mahali pake kama inavyotakiwa. Sikiliza haihati, zile sahani mbili za chuma zinazofunguliwa na kufungwa kwa mguu. Hairudii kitu kile kile kila mzunguko wa mapigo. Mara inaongeza pigo dogo, mara inafunguka kidogo kama mtu anayevuta pumzi, mara inaachia. Wapigaji wa studio wanalipwa kuifanya haihati iende kama saa ya ukutani, na wana haki yao. Stevie anaizungumza. Kisha linganisha yale mapigo madogo ya haihati na zile noti zilizozibwa za Clavinet: yote mawili yanayumba kwa kipimo kimoja, la kwanza refu kidogo, la pili fupi kidogo, safari yote. Wapiga dramu na wapiga kinanda waliokaa pamoja miaka kumi bado wanagombania nafasi hiyo ndogo. Hapa hakuna wa kugombana naye, maana mguu ulio kwenye besi dramu na kidole kilicho kwenye kibao vinatii saa moja iliyo ndani ya mtu mmoja.

Mkono huo haukudondoka kutoka mbinguni. Stevie aliingia Motown, kampuni ya kurekodi muziki kule Detroit, mwaka 1961 akiwa mtoto wa miaka 11, na miaka miwili baadaye wimbo wake "Fingertips", uliorekodiwa jukwaani akipiga bongo na hamonika, ukashika namba moja Marekani. Alikulia kwenye studio ile akiwasikiliza Benny Benjamin kwenye dramu na James Jamerson kwenye besi. Ukiwajua hao wawili utawasikia ndani yake. Lakini utamsikia Stevie kwanza.

Mimi ni mpiga besi; kabla ya kufundisha nilipiga kwenye bendi za hoteli hapa Dar kwa miaka mingi, na hapo ndipo Stevie alinifunza adabu. Kuna wimbo wa mwaka 1974, "Boogie On Reggae Woman". Besi yake ameipiga kwenye kinanda cha Moog, kwa mkono, noti zikiteleza kutoka moja kwenda nyingine. Nilizihamishia zote kwenye gitaa la besi, moja baada ya nyingine. Zilikuwa sahihi na hazikukaa. Kilichokuwa kinakosekana ni kule kuchelewa: anaiacha noti ya besi ije nyuma ya mguu wa dramu, umbali mdogo sana, kisha anaiteleza ifike pamoja na sneya. Ni mtu yule yule anayeingia noti ya hamonika kutoka chini yake. Nilipolisikia hilo niliacha kuhesabu vidole nikaanza kuimba besi kwa mdomo kabla ya kuipiga, na wanafunzi wangu wote nawalazimisha hivyo hadi leo.

Kwa hiyo nikiulizwa mkono wa mpigaji unakaa wapi, naangalia mambo machache: anaingiaje kwenye noti na anatokaje, anakaa mbele ya pigo au nyuma yake, na anaacha nini bila kukipiga. Hayo anaweza kuhama nayo kutoka chombo hadi chombo. Ufundi wa vidole hauhami. Kwenye kila chombo unaanza upya, na hapo ndipo wengi wa vyombo vingi wanapokwama, kwa sababu muda ni ule ule na vyombo vimeongezeka.

Hapo ndipo nitamtendea haki kiongozi wenu, maana ana hoja ndani ya hoja yake. Wingi wa vyombo hauthibitishi chochote. Prince, Mmarekani mwingine, alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1978 jalada lilitaja vyombo 27 alivyopiga mwenyewe, na bado ninachomtambulia gizani ni gitaa lake na ule ukataji wake wa midundo. Siwezi kuapa kwa vyote 27. Paul McCartney, aliyekuwa mpiga besi wa Beatles, ni mfano mzuri zaidi. Besi yake inaimba wimbo wa pili chini ya wimbo, na namtambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mwaka 1973 alikwenda Lagos, Nigeria, kurekodi *Band on the Run*. Mpiga dramu wa bendi yake, Wings, alikuwa amejitoa kabla ya safari, basi McCartney akakaa mwenyewe kwenye dramu. Alizipiga vizuri, albamu ni nzuri mno, lakini angezipiga mwingine nisingejua. Kwenye besi ana mkono, kwenye dramu anauhudumia wimbo. Wala hakuna aibu katika kuuhudumia wimbo. Nasema tu mambo hayo ni mawili, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote kwa wakati mmoja.

Hata Stevie hakujipa kila kitu. Tarumbeta na saksofoni za "Superstition" ni za Steve Madaio na Trevor Lawrence. Alijua mahali pa kuita watu.

Lakini mbona tunakwenda Detroit na Lagos wakati Dodoma ipo? Hukwe Zawose alikuwa Mgogo, na mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam miaka ya 1960 baada ya kupata habari zake. Baadaye alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, na huko Bagamoyo ndiko alikofariki mwaka 2003. Alipiga ilimba, alipiga zeze, alivaa njuga miguuni, aliimba. Nilibahatika kumsikia, na nakuambia ukweli, hata ningefumba macho nisingemchanganya na Mgogo mwingine, achilia mbali mtu wa kabila jingine.

Ilimba yake ilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye vyuma vingi kuliko ilimba za kawaida. Si vyuma vyote vilivyoguswa na vidole gumba. Vingine vimewekwa viitikie tu, jirani yake akiguswa navyo vinanguruma. Juu ya matundu kunabandikwa utando wa buibui, ule mweupe mzito anaotunzia mayai, na ndio unaotoa ule mvumo kama nyuki unaoizunguka kila noti. Sasa njoo kwenye zeze lake: kibuyu, upinde, nyuzi nyingi, na hapo tena kuna nyuzi anazozikwangua na nyuzi zinazoitikia zenyewe. Ndivyo walivyo wapigaji wa Kigogo, ni kweli, vyombo vimeumbwa hivyo na wao. Cha Zawose mwenyewe kilikuwa ni namna alivyokaa ndani ya mvumo huo bila haraka. Aliuacha utangulie, uzunguke, usikike kama unataka kuchosha, kisha anaingia na sauti kutoka juu kabisa, sauti nyembamba ya kitoto, na kabla hujajua imefika wapi imeshaanguka chini kwenye ngurumo. Kwenye ilimba alifanya hivyo, kwenye zeze alifanya hivyo. Tafuta albamu ya *Chibite* ya mwaka 1996 usikilize jinsi anavyochelewa kuingia. Mpigaji kijana angekuwa ameshaimba beti mbili. Kiongozi wenu akiisha kumsikiliza Zawose kwenye vyombo vyote viwili, naomba aniandikie, nitamjibu humu humu na kwa heshima zote.

Halafu wewe. Usiache chombo hata kimoja, ila usivipe saa sawa. Kinanda ndicho nyumba yako, kwa jinsi ulivyoandika, basi kipe muda mkubwa na dramu na besi ziwe zinakirudishia kitu. Ukitoka kwenye dramu Jumapili, rudi kwenye kinanda siku hiyo hiyo ujiulize mkono wa kushoto unaweza kufanya nini ambacho mguu wako umefanya leo.

Ukisha hapo, zima ile midundo iliyomo ndani ya kinanda. Hili linaniuma na nitalisema waziwazi. Makanisa mengi ninayotembelea, pambio likianza, mpiga kinanda anabonyeza mdundo wa sebene uliopikwa kiwandani na kila mtu anaufuata. Mashine haichelewi, haiwahi, haiachi kitu. Mtoto aliyelelewa na mdundo huo kwa miaka mitano atakuwa na kasi, atakuwa na usafi, na hatakuwa na saa yake mwenyewe. Mkikosa mpiga dramu, pigeni makofi. Waumini wanaweza, na wanachelewa vizuri kuliko mashine yoyote.

Na fanya jaribio moja. Chukua pambio mnalolijua wote. Lirekodi kwa simu ukilipiga kinanda, siku nyingine besi, siku nyingine dramu, na uwaombe wenzako wawili walirekodi pia kwenye vyombo wanavyoviweza. Muwekee mtu anayekujua vipande hivyo bila kumwonyesha majina. Akikutambua kwenye kinanda tu, unajua kazi iliyobaki iko wapi. Akikutambua kwenye vitatu, usimwambie kiongozi neno. Mwachie simu yako asikilize.

Bi Mwalimu, habari za kazi. Kwetu Tanga harusi nyingi sasa kundi zima la taarabu ni mtu mmoja na kinanda: anapiga fidla, akodiani, ganuni, filimbi, vyote humo humo. Je, huyu naye ni mpiga vyombo vingi? – Msomaji wa Ngamiani

Hapana, ndugu yangu. Ni mpiga kinanda, na akiwa mzuri hilo peke yake ni jina kubwa, asitake jingine.

Kubadilisha sauti kwa kitufe hakubadilishi mkono. Mpiga fidla ana upinde wenye mwisho; ukiisha lazima augeuze, na pale anapougeuza wimbo unapumua. Akodiani ina mfuko wa hewa, na namna unavyovutwa ndiyo namna noti inavyovimba. Ganuni ina vile vichuma vidogo vya kupandisha na kushusha uzi robo sauti ili maqam, yaani ngazi ya sauti za Kiarabu, ikae, na uzi ukishadonolewa sauti yake inaanza kufa papo hapo, ndiyo maana mpigaji anaudonoa tena na tena. Kinanda hakina lolote kati ya hayo. Kibao kikibonyezwa, fidla ya kinanda italia mpaka kesho.

Ila wapo wanaojua. Utamtambua mpiga kinanda aliyewahi kukaa karibu na wapiga fidla wa kweli, au aliyewahi kuishika mwenyewe: anainua vidole pale ambapo upinde ungegeuka, na sauti ya ganuni haiachi ijivute, anaigonga upya. Huyo amekopa akili ya chombo kingine na kuileta kwenye chake. Wengine wanashikilia noti kama wameisahau, na masikio ya wazee wa harusini yanachoka bila kujua yamechoshwa na nini. Mkimpata wa aina ya kwanza mtunzeni vizuri. Na kama bajeti inaruhusu, muongezeeni japo mpiga rika, ile tari ndogo, mmoja wa ngozi na mikono, hata kinanda chenyewe kitapigwa tofauti siku hiyo.

Mwalimu, mwanangu ana miaka minane, anajifunza filimbi shuleni. Sasa anataka gitaa na ngoma pia. Baba yake anasema amalize kimoja kwanza. – Mama wa Kigoma

Mama, filimbi haiishi. Mwambie baba yake kwa upole kwamba kumaliza chombo hakupo, hata wenye mvi bado wanajifunza.

Mtoto wa miaka minane mpe ngoma sasa hivi, na asihitaji mwalimu kwanza: ahudhurie ngoma za mtaani na za harusi, asimame karibu na wapigaji, apige pembeni kwenye ndoo. Saa ya ndani inajengwa katika umri huo, na itamsaidia kwenye filimbi wiki hiyo hiyo. Gitaa lisubiri kidogo, kwa sababu ya vidole tu. Nyuzi za chuma zinaumiza mikono midogo na wengi wanachukia chombo kwa ajili ya maumivu. Akiendelea kulidai, tafuteni dogo la nyuzi za nailoni, la kuazima kama yupo wa kuazimisha. Kabla hajaligusa, awe anaweza kuimba kwa mdomo kile anachotaka kukipiga. Mwimbishe jikoni, hiyo haina ada.